Jicho la Kushoto la Hayakuhusu

Veronika ndiye aliyegundua kwanza kwamba Hayakuhusu amehama upande wa njia.

Zamani mbwa huyo alipita kokote alikotaka: mbele, nyuma, hata katikati ya kabichi za watu. Lakini tangu baridi ianze, alitembea upande wa kulia wa Veronika tu, akijibana kwake mpaka sketi ya shule ikajaa manyoya. Veronika akihamia upande mwingine, mbwa alisimama, akazunguka kwa nyuma, akarudi palepale pa kulia. Halafu wakifika kwenye kijito kilicho kati ya nyumbani na shuleni, hakuruka tena mawe kama zamani. Alinusa maji, akalia kidogo, akabaki ng'ambo ya nyumbani kumsubiri Veronika arudi.

Veronika aliyaona hayo yote akayanyamazia. Alikuwa msichana wa kunyamazia mambo. Akiulizwa swali alijibu, lakini kwa sauti ya mtu anayeongea na vifungo vya shati lake. Thobias, mtoto wa jirani aliyekaa naye dawati moja darasa la sita, alimwita Bubu. Veronika hakumjibu, na Thobias akaona amepatia.

Kitongoji chao, Lukunguni, kimeng'ang'ania mteremko wa Milima ya Uluguru, juu ya Mgeta. Ukisimama uani kwako unaweza kuchungulia sufuria ya jirani wa chini ukajua leo wanakula nini. Watu hulima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta ya ngazi, na mbwa wa huko si pambo. Kukipambazuka, kila mbwa humfuata bwana wake shambani kufukuza ngedere, na hurudi nyumbani jua linapozama nyuma ya mlima.

Jina la Hayakuhusu alilitoa Mama. Baba alipokwenda Turiani kukata miwa, majirani walimuuliza Mama maswali mengi kuliko aliyoweza kuyajibu: atarudi lini, ametuma nini, mbona hapigi simu. Wiki hiyohiyo Mama akapewa mtoto wa mbwa na kaka yake Petro.

"Anaitwa nani?" jirani mmoja akauliza.

"Hayakuhusu," Mama akajibu.

Tangu hapo maswali yakapungua, na mbwa akapata jina.

Jioni moja Mzee Lukasi, mwenyekiti wa kitongoji, alipiga hodi.

"Shikamoo, babu," Veronika alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yupo? Aa, uko hapo. Mama Vero, bwana mifugo anakuja Jumamosi kuchanja mbwa, chanjo ya kichaa. Safari hii anataka kila mbwa apigwe picha kabla hajafika, tumpelekee kwa simu na jina la mwenyewe. Mwaka jana Bosi wangu alitaka kuchanjwa mara mbili, na wa kwako hakuonekana kabisa."

"Mwaka jana tulikuwa shambani," Mama alisema haraka. "Ngedere walikuwa wengi."

"Sijaja kugombana. Nimekuja kwa sababu simu yako ndiyo inayopiga picha zinazoonekana. Yangu inatoa giza tupu."

"Mimi nafunga karoti za kaka Petro, gari linashuka mjini. Atapiga Veronika."

Veronika aliacha kuchambua mboga. "Mama, mimi siwezi kwenda kwa watu."

"Nani kakutuma kwa watu? Nimekutuma kwa mbwa."

Mzee Lukasi alicheka mpaka akakohoa, na jambo likawa limekwisha.

Kwa kuwa mchana mbwa wote walikuwa mashambani, ilibidi Veronika asubiri warudi. Thobias alijiunga naye bila kualikwa. Alisema Veronika atahitaji mtu wa kuongea na wenye nyumba, na hapo hakukosea.

Walianza na Mtajiju, mbwa wa kina Thobias. Jua lilikuwa limeshazama na ukungu ulikuwa ukishuka. Veronika akasogeza simu, akabonyeza, mwanga wa kamera ukawaka mara moja. Walipoitazama picha, Mtajiju mwenyewe alikuwa amemezwa na kiza, lakini macho yake yalikuwa yanawaka kama makaa mawili ya kijani.

"Yesu na Maria!" Thobias aliruka nyuma. "Umempiga picha jini!"

"Ni mbwa wenu."

"Basi tunaishi na jini! Mama anampa ugali kila siku!"

Kwa Mzee Lukasi ikawa vilevile. Macho ya Bosi yalitoka ya njano, makubwa, yakiangalia mbele.

"Huyu ni Fuso kabisa," Thobias alisema. "Subiri apige honi."

Nyumba baada ya nyumba mambo yakawa hayohayo. Wengine kijani, wengine njano, mmoja rangi ya buluu kidogo. Veronika alisikia uso unamchoma kwa aibu. Kazi aliyopewa alikuwa anaiharibu. Lakini hakuacha. Akajaribu kusimama pembeni, akajaribu kuchuchumaa, akajifunza jambo moja: mbwa akitazama kando, macho hayawaki, akiitazama simu moja kwa moja, yanawaka yote mawili. Tatizo ni kwamba kila mbwa alitaka kujua kile kitu kinachometameta ni nini, akakitazama moja kwa moja.

Hayakuhusu alipigwa picha mwisho, uani kwao. Mwanga ukawaka. Veronika akaitazama picha, akaisogeza karibu na uso.

Jicho la kulia liliwaka kijani. La kushoto lilikuwa jeusi kama tundu la ufunguo.

"Amekukonyeza!" Thobias alisema. "Hayakuhusu ana mambo!"

Veronika hakucheka. Alichukua kipande cha dagaa jikoni, akakishika juu kidogo ya simu ili mbwa amtazame sawasawa. Akapiga. Jicho moja. Akahamia kushoto, akapiga. Akahamia kulia, akapiga tena. Bado jicho moja, lilelile.

"Simu yenu mbovu," Thobias alisema. "Mimi naenda kula."

Mama alimwambia azitume picha hivyohivyo, kwani bwana mifugo atawajua mbwa kwa mikia yao. Lakini Veronika aliona aibu kumtumia mtu mzima picha za majini. Zaidi ya hapo, Lukunguni mtandao hupatikana ukipanda mpaka kwenye msalaba wa kigango. Akaziacha picha kwenye simu, akakusudia kupiga nyingine Jumamosi asubuhi kabla watu hawajaenda mashambani.

Jumamosi haikufika salama.

Alhamisi walipotoka shule, Veronika alivua viatu, akavuka kijito, akainama ng'ambo kuvivaa tena. Hayakuhusu alikuwa amesimama hapo akimsubiri, mkia ukipepea. Nyuma yao Thobias alikuja mbio juu ya mawe, akapiga kelele ya ushindi, akaruka jiwe la mwisho. Aliangukia kushoto kwa mbwa, karibu kabisa.

Hayakuhusu aligeuka na kumng'ata mguuni.

Kisha akaachia papo hapo, kama aliyeshangaa mwenyewe. Akalala chini, masikio yamelala, macho kwa Veronika.

Yowe la Thobias liliwatoa watu mashambani. Mama yake alifika wa kwanza, jembe mkononi, udongo bado unadondoka. Aliona damu kwenye soksi ya mwanawe, akamwona na mbwa.

"Nilisema! Mbwa huyu ana kichaa! Siku zote hizi hataki kuvuka maji, mnamwona, mnanyamaza! Zahanati hawakutufundisha? Mwenye kichaa cha mbwa anaogopa maji!"

Watu walitazamana. Ni kweli walifundishwa hivyo. Na ni kweli kila mmoja alikuwa amemwona Hayakuhusu akilia mbele ya kijito. Mtu mmoja akarudi nyuma hatua, kisha mwingine.

"Leteni majivu nimpake!" Mama Thobias alisema.

"Majivu ya nini?" Mama yake Veronika alikuwa amefika, anahema. "Sabuni! Mpelekeni bombani, na mtu alete sabuni ya kipande."

Wakamkalisha Thobias chini ya bomba la kitongoji, Mama akaosha jeraha kwa sabuni, maji yakitiririka, akaosha tena, akaosha tena. Maji ya milimani ni baridi kama kisu.

"Mama Vero, imetosha," Thobias alilia. "Mguu utaisha!"

"Uishe nusu kuliko wote. Tulia."

Alipoona robo saa imepita, ndipo alipomwachia. Thobias na mama yake wakapandishwa bodaboda kwenda kituo cha afya.

Hayakuhusu alifungwa kamba kwenye nguzo ya banda la kuni. Jua lilikuwa bado halijazama wanaume wa kitongoji walipoingia uani. Hakuna aliyekuwa na hasira. Walikuwa na fimbo na panga, na nyuso za watu waliokuja kufanya kazi wasiyoipenda.

Mama alisimama mbele ya banda.

"Jamani, mbwa ni wa nyumba hii, na nyumba hii ina mjomba. Petro yuko mjini na karoti, kesho anapanda. Akisema auawe, kamba nitaishika mimi mwenyewe."

Kwa Waluguru wa Lukunguni hilo halikuhitaji maelezo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na nyumba husemewa na kaka wa mama. Kuua mbwa wa nyumba kabla mjomba hajasema kungekuwa sawa na kuvunja mlango wake.

"Haya," Mzee Lukasi alisema. "Tumsubiri Petro. Lakini kamba isifunguliwe, na mtoto yeyote asimkaribie. Veronika, umenisikia?"

"Ndiyo, babu."

Asubuhi Mama alimzuia Veronika asiende shule, asije akasumbuliwa njiani. Veronika alikaa kwenye mlango wa jikoni, mbali kuliko urefu wa kamba, akamtazama mbwa wake. Akachukua mti mrefu wa kuangulia maparachichi, akasukuma nao sufuria ya maji.

Hayakuhusu alikunywa. Alikunywa mpaka akalamba chuma.

Veronika alimrushia tonge la ugali upande wa kulia. Akalidaka hewani. Akarusha la pili, upande wa kushoto. Likaanguka karibu na sikio lake. Mbwa hakugeuka. Alianza kunusa huku na huku, mpaka pua ikaligusa. Akarusha tena kulia: akadaka. Akarusha tena kushoto: halikuonekana.

Veronika aliweka ugali chini. Aliingia ndani, akachukua simu ya Mama, akazifungua picha zilezile alizozionea aibu. Mtajiju, macho mawili. Bosi, mawili. Mbwa wote wa Lukunguni, mawili mawili. Hayakuhusu, moja.

Hapo kila kitu kikapanga foleni kichwani mwake. Mbwa alijibana kwake ili upande asioona uwe na mtu. Alikataa mawe kwa sababu nusu ya mawe hakuyaona. Thobias alimwangukia upande wa giza, kama jiwe kutoka mbinguni. Hakuwa anaogopa maji.

Jambo sasa lilikuwa kinywani. Kilichobaki ni kufungua mdomo, na huo ndio mlima uliomshinda Veronika siku zote, mtoto wa milimani.

Mjomba Petro alifika mchana, bega limejaa vumbi la barabara. Veronika alimwamkia, akampa maji. Hakusema neno lingine. Mjomba alimtazama mbwa, akaitazama kamba, akavuta kigoda.

Watu walijaa uani. Mama Thobias alikuwepo, na Thobias mwenyewe, mguu umefungwa bandeji nyeupe aliyoitanguliza mbele ili ionekane na wote.

"Petro," Mama Thobias alisema, "mimi na dada yako tunachota maji bomba moja. Sina ugomvi naye. Lakini mwanangu amechomwa sindano jana, na bado anazo nyingine. Mbwa huyu anaogopa maji. Kesho atamuuma nani? Mtoto wako? Mtoto wangu mdogo?"

Hakuna aliyeweza kumlaumu. Wengine wakasema yaleyale kwa maneno mengine. Mjomba Petro alisikiliza wote, akaondoa kofia.

"Mbwa huyu nimemlea mimi kabla ya kumleta hapa," alisema mwishowe. "Lakini mbwa hawezi kulinganishwa na mtoto wa mtu. Dada, nadhani..."

Veronika alijikuta katikati ya uwanja. Hakukumbuka kutembea. Alinyoosha simu kwa mikono miwili.

"Nini, mwanangu?"

"Picha."

Mjomba aliipokea, akaitazama, akakunja uso. Mzee Lukasi akachungulia begani kwake.

"Ah! Huyu si Bosi wangu? Mbona ana taa?"

"Wote wana taa," Mjomba alisema, akiendelea kuzipitisha picha kwa kidole. Watu wakaanza kucheka, na Thobias akasema kwa sauti, "Niliwaambia ni majini!" Mjomba alitaka kuirudisha simu. "Zimeharibika, mwanangu. Tutaziangalia siku nyingine."

"Hesabu macho, mjomba."

Kicheko kilikatika. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuisikia sauti ya Veronika nje ya nyumba yao.

Mjomba akarudi mwanzo. "Mawili. Mawili. Mawili. Huyu mawili. Huyu..." Akaisogeza simu karibu. "Moja. Hii nyingine moja. Hii moja."

"Huyo ni Hayakuhusu," Veronika alisema. "Nilimpiga picha kila upande. Jicho la kushoto haliwaki. Na haoni upande huo. Thobias alimwangukia kushoto."

"Kweli nilirukia huko," Thobias alisema, kisha akamtazama mama yake kama anayeomba ruhusa ya kuwa mkweli. "Nilitaka kumshtua Veronika."

Mzee Lukasi alikuna kidevu. "Sawa, ana chongo. Kwani mbwa mwenye chongo hawezi kupata kichaa?"

Swali lilikuwa zuri, na Veronika alitamani kurudi jikoni. Lakini alikuwa ameshafika nusu ya njia, na kurudi kulikuwa mbali sawa na kwenda.

"Anaweza, babu. Sijui kama hana. Lakini maji anakunywa. Tazama."

Akasukuma sufuria kwa mti wake mrefu. Uani palikuwa kimya kabisa, ikasikika sauti moja tu, ulimi wa mbwa kwenye maji.

Mjomba Petro alivaa kofia. "Twende msalabani. Tumpigie bwana mifugo."

Walipanda wote, kama maandamano ya Ijumaa Kuu, picha ikatumwa, na Mjomba akaweka simu kwenye sauti ya juu. Bwana mifugo alikuwa mwanamke, Mwanaasha, mzaliwa wa Morogoro mjini. Watu wa milimani walizoea kumwita bwana kwa sababu aliyemtangulia alikuwa mwanamume, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha, akaitika tu.

"Msimuue!" sauti yake ilitoka. "Mkimuua leo mnaua na jibu. Muacheni kwenye kamba siku kumi, ale, anywe, mtu mzima mmoja tu amhudumie. Mbwa aliyeuma kwa kichaa hazivuki siku hizo. Na mtoto asiruke sindano hata moja, mnanisikia? Hata moja! Nani kapiga picha hizi?"

"Veronika, mtoto wa dada yangu. Anaomba radhi, zimeharibika."

"Mwambie asifute hata moja."

Jumamosi Mwanaasha alichanja mbwa wote wa Lukunguni, halafu akaja uani kwa Mama. Alimfunga Hayakuhusu mdomo kwa kitambaa, akavaa glavu nene, akammulika macho kwa tochi ndogo. Watu walimzunguka kama wanaotazama fundi redio.

"Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaong'aa, kama kioo," alisema. "Mwanga ukiingia unagonga kioo hicho na kurudi, ndiyo maana mbwa anaona vizuri kwenye kiza kuliko sisi, na ndiyo maana kwenye picha macho yanawaka. Si majini, Thobias, usinitazame hivyo. Sasa huyu, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Linaanza kuwa jeupe kwa ndani, mkiangalia kwa makini mtaona. Mwanga hauingii vizuri, kwa hiyo hakuna kinachorudi."

"Na maji?" Mama Thobias aliuliza. "Zahanati walisema..."

"Walisema kweli, mama, ila ninyi mlichukua nusu ya somo. Kuogopa maji ni dalili ya mtu aliyeugua kichaa. Kwa mbwa tazameni mengine: anabadilika tabia, anatoka mate, taya linalegea, hawezi kumeza, anauma hata mawe. Mbwa anaweza kukataa kijito kwa sababu haoni pa kukanyaga. Lakini sikilizeni na nusu nyingine, nisije nikalaumiwa kesho: picha haipimi kichaa. Kamba na siku zile ndizo zitakazotuambia." Kisha akamgeukia Mama. "Na wewe, mama, kama mbwa angechanjwa mwaka jana, hofu yote hii isingekuwepo."

Mama aliinamisha kichwa. "Ngedere walikuwa wengi, bwana mifugo."

"Ngedere wanakula njegere. Kichaa kinakula watu."

"Nimekosa," Mama alisema.

Siku zikapita. Mama mwenyewe alimlisha mbwa, na kila jioni kitongoji kizima kilikuwa na sababu ya kupita uani kwao: kuomba moto, kurudisha chungio, kuuliza habari za Turiani. Hayakuhusu alikula, akanywa, akawabwekea wote, akanenepa kidogo kwa kukosa kazi. Thobias alikuwa akienda kwenye sindano zake akichechemea, na akirudi anatembea sawasawa, kwa kuwa alisahau.

Siku Mwanaasha aliporudi, alimtazama mbwa kwa muda mrefu, akamchanja, akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Hayakuhusu alijikung'uta, akaenda moja kwa moja upande wa kulia wa Veronika, akajibana.

Mama Thobias alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na kikapu cha parachichi. "Mama Vero," alisema, "nilimwogopea mwanangu."

"Ningekuwa wewe ningeshika jembe vilevile," Mama alimjibu, akapokea kikapu.

Thobias alisogea polepole kutoka upande wa kulia, ambapo jicho lilikuwa zima. "Hodi," alimwambia mbwa. "Hodi, Hayakuhusu. Mimi ni Thobias, yule wa mguu." Mbwa akapunga mkia, na watu wakacheka.

Mjomba Petro alileta vigoda, wakakaa kunywa chai. Mwanaasha aliomba kuziona zile picha tena, akazipitisha moja moja, alipofika kwa Hayakuhusu akasimama.

"Jambo moja nataka watoto walishike," alisema. "Wakubwa pia, wakipenda. Huyu mbwa alikuwa haoni, na hana mdomo wa kusema 'jamani, upande huu kuna giza'. Akajibana kwa mtu, hakueleweka. Akakataa kijito, akaeleweka vibaya. Mwisho akauma. Sisi tuna midomo. Ukiona jambo haliko sawa, liseme mapema, hata kama huna hakika, hata kama watacheka. Jambo lililonyamaziwa hutafuta mlango wake wa kutokea, na likitoka lenyewe hutoka na meno. Veronika alisema, mbwa yuko hai. Angesema wiki moja kabla, mguu wa Thobias ungekuwa mzima."

"Kweli kabisa," Mjomba Petro alisema. "Na sisi wakubwa tujifunze kusikiliza sauti ndogo. Mimi simu nilikuwa nairudisha."

Watu waliitikia, vikombe vikajazwa tena. Veronika alikuwa amekaa mkekani karibu na Mama, mkono wake juu ya kichwa cha Hayakuhusu. Alivitazama vifungo vya shati lake kwa muda. Halafu akainua uso.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Mimi ubao siuoni. Mwalimu akiandika naona weupe tu, kama ukungu. Tangu darasa la tatu. Ninanakili kwa Thobias, hata makosa yake."